Tiki Ishirini na Nne

Binti yangu alipewa kadi ya kupiga mbizi Jumapili jioni. Jumamosi ya tatu baada ya hapo akafa katika maji yaleyale aliyopatia kadi. Alikuwa na miaka ishirini na sita, mchora ramani katika ofisi ya mipango miji. Nyumbani tulimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye kitindamimba wangu, na hata wenzake wa kazini walilichukua jina hilo bila kuuliza maana yake.

Maji hayo zamani yalikuwa machimbo ya kokoto. Kampuni ilipoondoka, chemchemi zikalijaza shimo, likawa ziwa la kijani lenye kuta za mawe. Mtu mmoja mwenye akili ya biashara akazamisha basi bovu humo ndani, akajenga banda la kubadilishia nguo na kibanda cha kujazia mitungi ya hewa, akaweka kibao cha chuo cha kupiga mbizi. Darasa lenyewe liko mjini, chumba cha nyuma cha hoteli, jirani na bwawa la kuogelea. Siku tatu tu, kibao kinasema, na wewe ni mpiga mbizi.

Siku ile Kitinda alikwenda na marafiki wawili wa ofisini, nao wana kadi mpya kama yake. Walikodi vifaa palepale chuoni. Mwenye kadi haulizwi kitu. Wakashuka kulitazama basi. Huko chini miwani yake ikaingia maji. Rafiki mmoja alimwona ameishika usoni kwa mikono miwili, kisha akamwona akipanda juu kwa kasi kama kizibo. Alifika juu. Hilo ndilo linalonitesa kuliko yote. Alifika juu, akapunga mkono mara moja, na mtu aliyekuwa ameketi kwenye mawe akampungia naye, akidhani ni salamu. Kisha akazama tena.

Ripoti ya polisi ilikuwa ukurasa mmoja na nusu. Mtungi ulikuwa na hewa zaidi ya nusu. Jaketi la kuelea halikujazwa upepo. Mkanda wa uzito, ule wa vipande vya madini ya risasi unaomsaidia mtu kushuka, ulikuwa bado kiunoni, umefungwa vizuri. Mkanda huo unafunguka kwa mkono mmoja. Unavuta ulimi wa kifungo, unauachia, unakwenda zako juu ya maji kama boya. Mwanangu alikufa na pumzi mgongoni na mkanda kiunoni.

Mume wangu, postamasta mstaafu, alikwenda na mwanetu mkubwa kuonana na mwenye chuo, ambaye watu wote wanamwita Mkurugenzi. Mimi sikwenda. Siku zile hata kuvaa viatu nilikuwa navishwa. Waliporudi, mume wangu alikaa kitini, kofia yake magotini.

"Ametupokea vizuri," akasema. "Ametupa pole. Faili la mtoto limekamilika."

"Limekamilika vipi?"

"Kila alichotakiwa kujifunza, alijifunza. Ametuonyesha karatasi. Mama watoto, kazi ya Mungu haina makosa."

Mwanangu mkubwa alikuwa ameipiga picha karatasi hiyo kwa simu. Nikamwomba. Ilikuwa na mistari ishirini na nne, kila mstari ujuzi mmoja, na mbele yake tiki, tarehe, sahihi ya mkufunzi na sahihi ya Kitinda. Mstari wa tisa: kutoa maji ndani ya miwani. Tiki. Mstari wa kumi na saba: kuachia mkanda wa uzito. Tiki.

Mimi ni mkufunzi wa wakunga, mwaka wa ishirini na tisa sasa. Chuoni kwetu mwanafunzi haruhusiwi kufanya mtihani mpaka awe amezalisha akina mama ishirini kwa mikono yake, chini ya macho ya mtu, na kila mmoja aandikwe kwenye kitabu chake na kutiwa sahihi. Nimeshika vitabu hivyo maelfu. Kitabu cha kweli kina uchafu wa kweli. Huku kalamu ya bluu, kule nyeusi, pale kuna tone la damu au duara la kikombe, na sahihi nyingine imelala upande kwa sababu msimamizi alikuwa anakimbilia kitanda kingine. Karatasi ya mwanangu ilikuwa na tiki ishirini na nne za kalamu moja, zimeinama upande mmoja, zimepangana kama mbegu zilizopandwa kwa kamba. Zilitiwa kwa mkupuo mmoja. Mtu anayefanya kazi yangu hahitaji miwani kuliona hilo.

Nilimwambia mume wangu. Akasema, "Maji yakimwagika hayazoleki."

"Sitaki kuyazoa. Nataka kujua nani aliyeyamwaga."

Nikachukua likizo yangu ya mwaka, nikajiandikisha kwenye kozi ileile kwa jina la ukoo wa baba yangu. Nina miaka hamsini na mitano. Kuogelea najua, utotoni tulikuwa tunavuka mto kwenda shule. Mkurugenzi hakuwahi kuniona, maana mazishini hakuja, alituma ujumbe wa simu.

Mapokezini palikuwa na dada mmoja mwenye kucha ndefu na lugha tamu. Akanipa fomu ya afya. Kwenye swali la shinikizo la damu nikaweka ndiyo, kwa kuwa ninameza vidonge kila asubuhi.

"Mama, ukiweka ndiyo utatakiwa barua ya daktari," akasema, "na kozi inaanza leo. Weka hapana."

"Lakini ninalo."

"Sasa hivi unajisikiaje?"

"Vizuri."

"Basi ni hapana." Akaichana ile fomu, akanipa mpya.

Nikaweka hapana. Nilijiambia nimekuja kupita kila mlango alioupitia mwanangu, kwa hiyo nipite na huu. Wakati ule niliiona ni busara.

Tulikuwa wanafunzi watatu, mimi na maharusi wa wiki mbili waliokuwa wanajiandaa kwenda fungate kwenye visiwa. Bibi harusi alikuwa mcheshi, akaniita mama tangu dakika ya kwanza na kunibebea mapezi ya mpira. Mkufunzi wetu aliitwa Kocha. Mtu wa miaka thelathini na tano hivi, macho mekundu kwa dawa ya bwawa, sauti imemkauka. Nilikwenda nimejiandaa kumkuta shetani. Nikamkuta mtu aliyechoka, mpole, anayekumbuka nani anakunywa chai bila sukari. Hilo lilinikera zaidi. Shetani angenirahisishia kazi.

Darasani tulitazama video. Kila ilipofika sehemu ndefu, Kocha aliisukuma mbele kwa kidole. "Hii mtaisoma nyumbani." Ilipofika sehemu ya mtu kuishiwa pumzi, akaisukuma. Ilipofika sehemu ya samaki, akaiacha icheze. Kisha ukaja mtihani wa maswali hamsini, naye akawa anapita katikati yetu. "Namba kumi na mbili msiumize kichwa, ni C. Namba kumi na tatu, wangapi wameweka A? Someni tena vizuri." Wote tukafaulu.

"Ningempata mwalimu huyu sekondari," bibi harusi akasema, "leo ningekuwa daktari." Tukacheka. Na mimi nilicheka, ndiyo, maana lilikuwa jambo la kuchekesha.

Mazoezi ya bwawani yalipangiwa siku nzima. Tukayafanya asubuhi moja, kwa kuwa mchana hoteli ilikuwa na sherehe pale pembeni na mafundi walishaanza kutandaza zulia. Tulitakiwa kuogelea mita mia mbili. Tulizunguka kona moja mara nne, kona nyingine ilikuwa na watoto wa wageni na maboya yao. Kisha tukapiga magoti kwenye kina kifupi kujifunza miwani. Unaingiza maji kidogo, unainua uso, unapuliza kwa pua, maji yanatoka kwa chini. Ukilisikia ni jepesi. Mimi niliyavuta maji puani badala ya kuyasukuma, nikasimama nakohoa mpaka machozi yakanitoka. Nikajaribu tena, nikakohoa tena.

"Karibu kabisa, Mama," Kocha akasema. "Umeshalielewa."

"Sijaliweza."

"Kulielewa ndiyo kazi. Kuliweza kunakuja kwenyewe."

Bwana harusi hakujaribu kabisa. Alisema amevaa lenzi za macho, na Kocha akasema si neno. Mkanda wa uzito tulifungwa na kufunguliwa na mhudumu wa bwawa, kama watoto wanaovishwa suruali.

Siku ya tatu tukaenda machimboni. Nilikuwa sijawahi kufika. Nilisimama juu ya mawe nikiyatazama maji, yametulia, kijani kama chupa, na nikawa nashindwa kuamini kwamba mahali padogo hivyo pamebeba kitu kikubwa hivyo. Bibi harusi akadhani naogopa, akanishika mkono. Nikapiga moyo konde, nikaingia.

Tulishuka kwa kushika kamba. Masikio yaliuma, baridi ikapenya kiunoni, mwanga ukageuka kama ule wa wodi mapazia yakishushwa. Kisha basi likatokea, limekaa sawa kwenye matope kama linasubiri abiria. Kocha alikuwa na kamera. Alitangulia na maharusi, akamwelekeza bibi harusi aketi kiti cha dereva, akawa anampiga picha kupitia kioo kilichovunjika. Mimi nilibaki nyuma, ubavuni mwa basi, nimelishika dirisha.

Hapo miwani yangu ikaanza kuingia maji. Kidogo kidogo, mpaka puani. Nilijua la kufanya. Ningeweza kulieleza mbele ya darasa, hatua kwa hatua. Lakini mikono haikujua. Pua ilitaka kuvuta, kifua kikabana, na mwili wangu wote ukataka kitu kimoja tu, kwenda juu, sasa hivi, kwa kasi yoyote. Sijawahi kutaka kitu namna ile, hata kwenye uchungu wa kuzaa sikutaka hivyo. Nikajua kwamba hivi ndivyo ilivyokuwa. Kitinda hakufanya ujinga. Alifanya ambalo kila mwili ungefanya kama haukufunzwa lingine.

Kilichoniokoa hakikutoka kwenye kozi. Nilifumba macho nikajiambia maneno ninayowaambia akina mama wodini: vuta kwa mdomo, toa kwa mdomo, polepole, usisukume bado. Nikayarudia nikiwa nimeng'ang'ania dirisha la basi. Sijui zilipita dakika ngapi. Kocha alipogeuka hatimaye, akaniuliza kwa ishara ya vidole kama niko sawa. Nikajibu kwa ishara niko sawa, maji yakiwa yamejaa miwani hadi nyusi. Hakuona. Alikuwa anatazama vidole.

Tulipokwisha kukauka, Kocha alileta karatasi tatu kwenye meza ya mbao karibu na kibanda cha mitungi, na kalamu moja. Nikamtazama. Alitia tiki huku anamsimulia bwana harusi juu ya kasa wa visiwani. Hakusoma mstari hata mmoja. Mkono ulishuka wenyewe kama wa mtu anayekata mboga.

"Sasa na nyie sahihi zenu, kila mstari, hapo pembeni."

Bibi harusi alisaini kama msanii anayegawa sahihi kwa mashabiki. Mimi niliweka kidole kwenye mstari wa kumi na saba.

"Kocha, hii ya kuachia mkanda tuliifanya lini?"

"Tuliizungumza, Mama."

"Kuizungumza na kuifanya si jambo moja."

"Mtu mzima akiambiwa anaelewa. Saini tu, kadi zije leo."

Nikasaini yote ishirini na nne. Niliitaka ile kadi. Bila kadi nilikuwa mama mwenye uchungu, na mama mwenye uchungu anapewa kiti na maji ya kunywa. Mwenye kadi nilidhani atasikilizwa.

Maharusi walipoondoka, nikabaki. Mashine ya kujazia hewa ilikuwa inanguruma. Nikamwambia, "Kocha, mwezi wa nne ulimfundisha binti mmoja, mchora ramani."

Akaiweka kalamu chini. Alinitazama usoni kwa muda, nadhani akaona paji la uso, maana Kitinda alichukua langu.

"Wewe ni nani wake?"

"Mimi ndiye niliyemzaa."

Akakaa. Hakukana, hakulia, hakuapa. Alikwenda akazima mashine ili tusikilizane, akarudi akakaa tena.

"Namkumbuka," akasema. "Alikuwa anauliza sana. Aliuliza kuhusu mkanda. Nilimwambia tutaufanya huku machimboni. Tulipofika, wingu lilikuwa limefunga, nikasema tuwahi kabla ya mvua."

"Mvua ilinyesha?"

"Haikunyesha."

Kisha akaanza kueleza, na nikamwachia aeleze. Mkurugenzi anataka kundi jipya kila siku tatu. Mkufunzi akisema mwanafunzi fulani hajawa tayari, Mkurugenzi anajibu kuwa mwalimu hodari hana mwanafunzi asiye tayari. Aliyekuwepo kabla yake alikuwa anawarudisha watu bwawani, akaambiwa apumzike, na hajaitwa tena mpaka leo.

"Kwa hiyo ukaamua kuitunza kazi," nikasema.

"Ndiyo." Akakuna vidole vyake vilivyokunjamana kwa maji. "Darasani ulisema na wewe unafundisha. Unafundisha nini?"

"Ukunga."

"Hujawahi kusaini kitu ambacho hukukiona?"

Hakuuliza kwa kebehi. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kama yuko peke yake duniani. Nyani haoni kundule, wanasema, na mimi nilikuwa nimelikalia la kwangu miaka tisa. Mwaka ule wodi ya wazazi ilifungwa kwa matengenezo, wanafunzi kumi na mmoja hawakutimiza idadi, orodha ya mtihani inafungwa saa nane mchana. Mkuu wa chuo aliniletea vitabu vyao akaniambia, "Mwalimu, usiwaharibie watoto wa watu maisha." Nilivimaliza kabla ya chakula.

"Nimewahi," nikamjibu Kocha. "Vitabu kumi na moja. Tena mimi nilibadilisha kalamu, zisifanane."

Akanitazama, akashusha macho. Hakufurahi hata kidogo, na hapo ndipo chuki niliyokuja nayo ilipokosa pa kukaa. Haikuondoka. Ilisogea tu, ikatupata wote wawili.

"Njoo," akasema.

Akanivisha upya jaketi na mtungi, tukaingia maji ya kifua, kando ya mawe. Akanionyesha mahali mkono unapopita chini ya jaketi kutafuta kifungo, jinsi ya kuuvuta mkanda mbele mbali na mwili usije ukanasa, kisha kuuachia. Mara ya kwanza nilihangaika, jaketi limekifunika kifungo. Mara ya nne vidole vilishajua njia. Mara ya kumi nilifanya macho nimefumba, na huku ananimwagia maji usoni kwa makusudi. Kisha tukafanya miwani, mpaka nikaweza.

Nilipotoka nikatazama saa ya ukutani pale kibandani. Vyote viwili vilichukua dakika ishirini na mbili. Nilikaa kwenye matope na mtungi mgongoni, na Kocha akasimama pembeni hajui pa kuweka mikono yake. Dakika ishirini na mbili. Walizisukuma mbele kwa kidole, kama ile video.

"Nikienda kulalamika, utasema?" nikamwuliza.

"Nitasema."

Na alisema. Shirika linalotoa kadi lilituita kwenye chumba cha mikutano, watu watatu nyuma ya meza, chupa za maji mbele yao. Kocha alisimama akaeleza kila kitu, wingu na yote. Mkurugenzi alikuwa ameketi mguu juu ya mguu, anatikisa kichwa kwa huzuni kama baba aliyeangushwa na mwanawe. Kisha ikafika zamu yangu. Mwenyekiti, mama wa rika langu, mwenye sauti ya upole, akanisogezea karatasi yangu.

"Mama, hii ni sahihi yako? Mstari wa kumi na saba."

"Ni yangu."

"Ulilazimishwa?"

"Hapana."

"Na hapa kwenye afya umeandika huna shinikizo la damu. Ni kweli?"

"Si kweli. Dada wa mapokezi aliniambia—"

"Ni kweli au si kweli?"

"Si kweli."

Akavua miwani yake. "Kwa hiyo umethibitisha kwa mkono wako mambo mawili ambayo si kweli, na unatuomba tuamini la tatu. Pole sana kwa msiba, mama. Lakini na binti yako alitia sahihi mistari yote. Alikuwa mtu mzima."

Nilitega mtego nikaingia mwenyewe, na kumwingiza na marehemu.

Barua ilikuja baada ya wiki tano. Kocha alifutiwa ruhusa ya kufundisha maisha yake yote, kwa kukiri. Kadi yangu ilifutwa, kwa udanganyifu wa afya. Chuo kilionywa kwa maandishi kiimarishe utunzaji wa kumbukumbu. Nilisoma sentensi hiyo mara nyingi. Hawakutakiwa kufundisha vizuri zaidi. Walitakiwa kuandika vizuri zaidi.

Mkurugenzi aliwaambia watu kwamba palikuwa na mkufunzi mmoja mzembe na ameshaondolewa. Funika kombe mwanaharamu apite. Akaajiri mwingine, mwepesi zaidi. Nilipopita hotelini mwezi uliofuata, kibao kilikuwa kimepakwa rangi upya: siku mbili tu. Kocha anasafisha bwawa la shule moja ya kulipia. Anasema ni kazi nzuri, hakuna anayemwuliza maswali.

Nilimpigia bibi harusi kabla hawajasafiri. Nilimweleza habari ya Kitinda, nikamwomba aje nimpeleke kwa Kocha, ni nusu saa tu.

"Mama, pole jamani," akasema. "Lakini mbona unatutia nuksi? Si uliona tulivyoweza?"

Walikwenda, wakarudi wazima, wakanitumia picha ya kasa. Nikamshukuru Mungu kwa dhati, kisha nikaifuta ile picha.

Mume wangu hakuniambia nilikosea. Jioni moja, tukiwa jikoni, aliuliza tu, "Umepata ulichokuwa unakitafuta?"

Nikamsimulia kuhusu lile wingu, jinsi walivyowahi kabla ya mvua, na mvua haikuja. Alikuwa anakausha sahani. Akaendelea kuikausha ileile sahani, mpaka nikamnyang'anya, na hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Aliniambia angetamani nisingemwambia. Sikumlaumu. Yeye alikuwa na Mungu wa kumwachia jambo hilo, na mimi nikamletea mtu na mawingu.

Muhula ulipoanza nilikwenda ofisini kwa Mkuu wa chuo, nikamwandikia majina ya wale kumi na mmoja. Nilisema watafutwe, waangaliwe kazi yao, na mimi nipewe adhabu ninayostahili. Alisoma, akaikunja karatasi, akaitia mfukoni.

"Mwalimu, una msiba. Ya miaka tisa yaache yalale."

"Na akina mama wangapi wamelala mikononi mwao?"

"Sijakusikia," akasema, na kwa kweli aliinamia simu yake.

Wiki ya mtihani akaniletea vitabu arobaini na kimoja. Wodi ilikuwa imejaa wanafunzi wa vyuo vitatu, wanagombania wazazi kama abiria wanavyogombania kiti. Wengi walikuwa na wazazi kumi, kumi na wawili, badala ya ishirini. Nikamwambia sisaini. Hakugombana nami. Alinihamishia ofisi ya ratiba, chumba chenye dirisha moja na makabati matatu, na vitabu akampelekea mkufunzi mwenzangu niliyemfundisha mwenyewe. Kabla ya saa sita vilikuwa tayari. Nilivifungua viwili vitatu. Alitumia kalamu tofauti tofauti. Sijui nani alimfundisha hilo, na naogopa kujua.

Mchana huo niliingia darasani bila ruhusa ya mtu. Nikawaambia wanafunzi, "Kila mmoja wenu anajua kitabu chake kinasema nini na mikono yake imefanya nini. Anayetaka vilingane, kesho saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa mlangoni mwa wodi ya wazazi. Sitamwuliza kitu, wala sitamripoti."

Mmoja kutoka nyuma akauliza, "Mwalimu, si tumeshasainiwa?"

"Mmeshasainiwa," nikasema.

Walikuja watatu. Tulinawa mikono, nikawapa glavu, tukaingia kwa mzazi wa kitanda cha nne, ambaye alikuwa ameanza kusukuma.